Rangi ya Baiskeli

Ifakara ni mji wa baiskeli. Bonde la Kilombero ni tambarare, na kabla bodaboda hazijajaa, baiskeli ndiyo iliyobeba magunia ya mpunga, matenga ya samaki na hata wagonjwa. Penye baiskeli nyingi hapakosi fundi, na kwa fundi hapakosi kopo la rangi ya mafuta, ile inayong'aa na kukauka ngumu. Kopo la namna hiyo limepita katika historia ya kanvasi, limepita pia katika historia ya sanaa ya mtaani.

Mwaka 1947, huko Long Island nchini Marekani, Jackson Pollock alikuwa akitandika kanvasi sakafuni bandani mwake na kuidondoshea rangi za kupakia nyumba na vyombo, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya wasanii. Hakuchora mti wala uso wa mtu. Mstari ulibaki mstari. Picha zake zikawa nguzo ya kile tunachokiita sanaa dhahania, na leo zimetundikwa katika makumbusho yenye walinzi.

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha, alichukua rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi, akachora chui, ndege na miti. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali wanapopita watu. Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimkatizia uhai. Wanafunzi wake, akina January Linda na Simon Mpata, waliendelea, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Rangi za jamii moja, basi, mikononi mwa watu wawili wasiojuana. Wapo wanaosema kanvasi dhahania ni ya wasomi na ukuta ni wa wasiosoma. Sikubaliani nao. Naona tofauti imekaa mlangoni: kanvasi ina mlango wa kuingilia, ina tiketi, ina mwenye mali. Ukuta humkuta mtu akiwa na haraka zake.

Hata hivyo, kanvasi nayo yaweza kuwa mali ya umma. Mji wa Basel, Uswisi, una undugu wa zamani na Ifakara, kwani mtafiti wake Rudolf Geigy alifika huku mwaka 1949 na kazi yake ikazaa kituo cha utafiti wa afya kilichopo Ifakara. Desemba 1967 wananchi wa Basel walipiga kura wakakubali fedha za umma, faranga milioni 6, zisaidie kununua picha mbili za Picasso zisiondoke mjini kwao. Nikilikumbuka hilo hujiuliza ni lini sisi tuliwahi kuulizwa kuhusu mchoro wowote.

Maana michoro tunayo. Mtazame mchora mabango wa mjini. Anavuta uzi uliopakwa chaki, anaubana ncha mbili, anauvuta katikati na kuuachia: pap! Mstari umenyooka ukutani. Kisha penseli, kisha brashi, herufi moja baada ya nyingine, mkono umeegemea kijiti ili usitetemeke. Kwenye ukuta wa kinyozi ataweka kichwa chenye kiduku, na pembeni, mahali ambapo mteja hakuagiza kitu, ataweka maua au kivuli cha rangi tatu kilichotoka moyoni mwake. Hapo ndipo mimi husimama zaidi. Dar es Salaam vijana wa kundi la Wachata wamefanya kazi ya kupuliza rangi ukutani ijulikane kuwa sanaa yenye wenyewe. Huku kwetu fundi huyu bado anaitwa fundi tu, na kazi yake hufutwa siku kampuni ya simu inapokodi ukuta.

Wala dhahania si mgeni. Ukindu huchemshwa na rangi, hukaushwa, husukwa ukili, na kili zikishonwa pamoja mkeka unajaa mishazari na miraba isiyoiga kitu chochote duniani. Msukaji anajua hasa lini zambarau ikae karibu na kijani. Wachongaji wa Kimakonde nao walifika huko kwa mpingo, katika mtindo wanaouita mawingu. Tumeishi na sanaa hii, tumeilalia.

Mto Lumemo ukifurika, maji huingia mjini Ifakara. Yakishatoka, kwenye kuta za maduka hubaki mstari wa matope, umenyooka kuliko hata wa uzi wa chaki, ukikata herufi katikati: juu jina la duka linang'aa, chini ni kahawia tupu. Fundi hurudi na kopo lake, hufuta tope kwa kitambaa, huanza na herufi zilizozama.