Herufi ya Nne

Wiki jana nilimwandikia mtu makala kuhusu jinsi joto linavyosafiri ndani ya chuma. Jina langu halitatokea popote. Ni sawa, ndivyo tulivyokubaliana, na landilodi haulizi nani kaandika nini. Lakini katika kusomasoma nilikutana na Mary Tsingou, na tangu hapo hanitoki kichwani.

Mwaka wa 1953, katika maabara ya Los Alamos, Marekani, Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walikuwa na swali. Chukua mstari wa atomu, uziunganishe kwa springi, kisha uutikise kwa wimbi moja pana. Springi zikiwa kamilifu, wimbi hilo litabaki peke yake milele. Zikiwa na kasoro kidogo, kama vitu halisi vilivyo, nishati inafaa isambae hadi kila aina ya wimbi ipate sehemu yake. Hata mimi nilifunzwa hivyo kabla sijaacha chuo.

Hesabu yenyewe kwa kalamu haiendi. Kulikuwa na kompyuta, MANIAC, ila mashine huiulizi swali kwa mdomo. Lazima mtu aivunjevunje hesabu hatua kwa hatua, kwa namba. Mtu huyo alikuwa Tsingou, mwanahisabati wa miaka ishirini na kitu, rika langu.

Kumbe! Nishati ilisambaa kidogo, kisha karibu yote ikarudi ilikoanzia. Ni kama ukoroge sukari kwa chai, halafu uione ikijirundika tena kwenye kijiko.

Ripoti ilitoka 1955, Fermi akiwa ameshafariki. Jalada linasema kazi ilifanywa na watu wanne, lakini iliandikwa na watatu. Tsingou alipewa shukrani kwenye tanbihi. Basi kitendawili kikaitwa FPU, na kwa kukifuatilia, Zabusky na Kruskal walifikia solitoni mwaka wa 1965: mawimbi yanayopitana bila kupoteza umbo.

Tsingou mwenyewe aliirudia hesabu ile, akaiendesha kwa muda mrefu zaidi, na kuichapisha na James Tuck mwaka wa 1972. Ila alikuwa ameolewa, akatia sahihi kama Menzel. Nani angejua ni yuleyule?

Mwaka wa 2008 mwanafizikia Mfaransa, Thierry Dauxois, aliandika makala akitaka herufi ya nne iongezwe: FPUT. Tsingou alikuwa anakaribia miaka 80, akiishi palepale Los Alamos na mumewe.