Mchezaji Sugu, Mchezaji wa Kupitisha Muda na Mashimo ya Masisi

Nintendo ilipoiingiza Switch sokoni tarehe 3 Machi 2017, watu wa biashara ya gemu waliulizana mteja wake ni nani. Mashine yenyewe ina sura mbili. Ukiipachika kwenye kitako chake sebuleni, picha inahamia kwenye televisheni. Ukiichomoa, inakuwa ya mkononi, unapanda nayo basi, na padi zake mbili zinabanduka ili mwenzako naye acheze. Mchezaji sugu, yule anayekesha hadi amshinde adui wa mwisho, aliiona nyonge mbele ya PlayStation 4. Mchezaji wa kupitisha muda tayari alikuwa na simu mfukoni. Dola 300 azitoe za nini? Miaka minane baadaye Switch zilizouzwa zimepita milioni 150, na jibu la kawaida ni kwamba iliwanasa wote wawili. Ni jibu la kweli, lakini halisemi nani kati yao aliubeba mzigo. Mimi nimelitafuta Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, kwa sababu huko anasa za watu wa mbali hufika zikiwa bei ya kilo.

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi, kaskazini magharibi mwa Goma, ni nchi ya milima ya malisho, ng'ombe na jibini, na juu ya Rubaya kuna vilima vilivyochimbuliwa hadi vikabaki vyekundu. Humo hutoka koltani, na ndani ya koltani mna tantalumu. Walikale iko magharibi zaidi, ardhi inakoteremka kuingia kwenye msitu mkubwa, na mali yake ni kasiteriti, yaani mawe ya bati. Bati ndiyo solda: hakuna kifaa cha umeme, kiwe cha mchezaji wa aina gani, ambacho vipuri vyake havijashikizwa kwayo. Tantalumu hutengeneza kapasita zinazohifadhi chaji nyingi mahali padogo na kuvumilia joto. Sanduku kubwa linalokaa chini ya televisheni lina nafasi ya kutumia kapasita za aluminiamu, ambazo ni rahisi zaidi. Kifaa chembamba cha mkononi hakina nafasi hiyo. Ni kweli kwamba kapasita za kauri zimeinyang'anya tantalumu sehemu kubwa ya kazi, lakini kila watengenezaji walipojibana kupunguza unene na uzito, soko lilirudi kuwaangalia wenye koltani.

Uchimbaji ni wa zamani kuliko gemu. Wabelgiji walichimba bati Kivu na Maniema tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na Japani ilipoitwaa Malaya mwaka 1942, bati ya Kongo ikawa ya kutegemewa na mataifa ya Magharibi. Mwaka 1976 makampuni yaliyobaki yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Koltani wakati huo ilikuwa kitu cha pembeni, kinachotoka pamoja na bati. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati liliishiwa fedha, bei ikaporomoka, na SOMINKI ikaanza kufa taratibu. Mashimo yakabaki kwa yeyote mwenye sururu na koleo.

Kisha ukaja mwaka 2000. Tarehe 4 Machi Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani, na Oktoba ilipofika Marekani vipuri vilikuwa haba hata ikabidi ipeleke nusu tu ya mashine milioni moja ilizoahidi. Mwaka huohuo ratili moja ya tantalumu ilipanda kutoka dola thelathini na ushee hadi zaidi ya 200. Kutokana na hayo baadaye zilizaliwa habari za "vita vya PlayStation", na mbunge wa Uingereza wa wakati ule, Oona King, alisema kwa uchungu kwamba watoto wa Kongo wanakufa mashimoni ili watoto wa Ulaya na Marekani wapate kuua viumbe vya kubuni sebuleni. Ni maneno yanayochoma, lakini hesabu yake ina kasoro. Vita vilianza Agosti 1998, kabla bei haijapanda. Na bei ilipandishwa zaidi na simu za mkononi, na watengenezaji wa kapasita waliojaza maghala kwa hofu ya kukosa, kuliko na vijana waliolala foleni mbele ya duka. Mchezaji sugu alibebeshwa lawama kubwa kuliko kiasi alichotumia.

Huku Masisi mkanganyiko huo wa lawama haukupunguza madhara. Ng'ombe wengi walikuwa wameshaporwa au kuchinjwa katika vita vya miaka ya tisini, na malisho matupu yakageuka machimbo. Utafiti wa Pole Institute ya Goma, uliochapishwa mapema mwaka 2002, ulieleza walimu na wanafunzi waliokimbia madarasa, mashamba yaliyoachwa, na chakula kilichopanda bei kwa sababu wakulima wote walikuwa milimani. Waasi wa RCD-Goma, waliotawala eneo hilo kwa msaada wa Rwanda, walianzisha Novemba 2000 kampuni moja, SOMIGL, wakaipa peke yake haki ya kusafirisha koltani nje kwa ushuru wa dola 10 kwa kilo. Walikuwa wamechelewa. Maghala ya ng'ambo yalikuwa yamejaa, na mwaka 2001 bei ikarudi ilikotoka. Jopo la Umoja wa Mataifa lilikadiria Aprili 2001 kwamba jeshi la Rwanda lilikuwa limeshapata angalau dola milioni 250 katika miezi 18.

Mabadiliko yaliyofuata hayakupewa jina la vita vyovyote, na kwa maoni yangu ndiyo makubwa zaidi. Nintendo, iliyokuwa imeshindwa sokoni na Sony, iliamua kuwafuata watu ambao hawakuwa wachezaji kabisa. DS ya mwaka 2004 ilichezwa kwa kugusa kioo, Wii ya mwaka 2006 kwa kuupunga mkono. Mabibi wakacheza bolingi na wajukuu. DS ziliuzwa milioni 154, Wii milioni 101. Na Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme. Solda ya zamani ilikuwa na risasi zaidi ya theluthi; mpya ni bati karibu tupu. Basi vifaa viliongezeka kwa mamia ya milioni, na kila kimoja kikataka bati zaidi kwa kila tone la solda.

Walikale ililihisi jambo hilo kupitia Bisie. Kilima hiki kiko katikati ya msitu, na kasiteriti yake iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muda si muda pakawa na mji wa turubai na mbao wenye maelfu ya watu, baa, vibanda vya video na jenereta, mahali ambapo gari halikuweza kufika. Kutoka barabarani, pale Njingala, ilikuwa ni kutembea takribani kilomita 50 kwenye matope. Wabeba mizigo walitoka na gunia la kilo 50 mgongoni, likiwa limefungwa kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, wakavuka mito juu ya magogo, na kila kizuizi kilikuwa na askari anayedai sehemu yake. Waliorudi walibeba bia, mchele na mafuta, na ndiyo maana chupa moja kule juu iliuzwa kwa bei ambayo hata mjini Goma ingezua ugomvi. Wenye mashimo waliitwa PDG, kama wakurugenzi wa makampuni. Mwisho wa safari magunia yalingojea ndege kule Kilambo, ambako uwanja ulikuwa kipande kilichonyooka cha barabara ya lami: askari walisimamisha watu na pikipiki, ndege ikatua, ikapakia tani zake mbili hivi, ikaondoka kwenda Goma, na pikipiki zikaendelea na safari. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2009, mwenye nguvu Bisie alikuwa brigedi ya 85 ya jeshi, wapiganaji wa zamani wa wanamgambo wa Mai-Mai waliovalishwa sare za serikali. Sehemu kubwa ya bati ya Kivu ya Kaskazini ilitoka kwenye kilima hiki kimoja.

Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Kivu nzima iliijua kwa jina la sheria ya Obama. Septemba, Rais Joseph Kabila alifika Walikale akasimamisha uchimbaji, na marufuku ikaenea Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wanajeshi hawakuacha, wachimbaji wa kawaida ndio waliokosa ada za shule. Mwaka 2012 shirika la Enough Project liliyapima makampuni 24 ya elektroniki kwa juhudi zao za kujua asili ya madini. Intel na HP ziliongoza. Nintendo ilipata sifuri, peke yake. Kampuni iliyojijengea jina kwa michezo ya familia nzima ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuulizia gunia lilikotoka, na ilijitetea kwamba yenyewe hainunui madini moja kwa moja.

Mwaka huohuo ilitoa Wii U, ikauza milioni 13 na nusu tu. Switch ilitokana na anguko hilo: kampuni haikuweza tena kulisha njia mbili, ya sebuleni na ya mkononi, ikazifanya moja. Wachezaji sugu waliingia kwanza, wakivutwa na Zelda: Breath of the Wild. Lakini tazama zilikoenda namba. Mario Kart 8 Deluxe, mbio za magari ambazo mtoto anazijua baada ya dakika tano, imepita nakala milioni 60. Animal Crossing, gemu ya kupanda maua na kulipa deni la nyumba, ilitoka tarehe 20 Machi 2020 dunia ikiwa imejifungia kwa korona, na imepita milioni 40. Mchezaji sugu hununua mashine moja na gemu nyingi. Familia ya kupitisha muda hununua mashine ya baba, ya binti, na nyingine ndogo ya kitinda mimba. Kwa kampuni, wote ni mapato. Kwa bati na tantalumu, idadi ya mashine ndiyo yenye sauti.

Walikale nayo ilikuwa imebadilika. Kampuni ya Alphamin ilifungua mgodi wa kisasa Bisie mwaka 2019, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, takribani asilimia 6 ya bati ya dunia. Rubaya ilibaki ya sururu na mikono. Waasi wa M23 waliitwaa karibu na mwisho wa Aprili 2024, na Septemba Bintou Keita, mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba ushuru wa koltani unaliingizia kundi hilo kama dola 300,000 kwa mwezi. Umoja wa Mataifa unakadiria Rubaya hutoa asilimia 15 ya koltani ya dunia. Rwanda, inayodaiwa kuwasaidia waasi hao, inakanusha kunufaika. Machi 2025 M23 ilipokaribia, Alphamin ilifunga mgodi kwa wiki chache, bei ya bati ikaruka katika soko la Londoni, na siku chache baadaye M23 ikaingia Walikale mjini.

Tarehe 5 Juni mwaka huohuo Switch 2 iliingia madukani kwa dola 450, na siku nne zikatosha kuuza milioni tatu na nusu. Nintendo yenyewe ililijibu lile swali la mteja kwa njia yake. Ili kuingia kwenye bahati nasibu ya kununua mashine ya kwanza Japani, ilibidi uwe umecheza Switch ya zamani kwa zaidi ya saa 50 na kulipia huduma yake ya mtandao kwa mwaka mzima. Walioomba walikuwa milioni 2.2. Usugu, basi, ulipimwa kwa saa na risiti.

Kwa kipimo hicho kijana wa Masisi aliyekimbilia Goma si mchezaji kabisa. Hana Switch na hana akaunti. Anacheza mpira kwenye simu mpaka chaji iishe, au anaingia kwenye chumba cha "play", benchi moja na PlayStation iliyopita mikono mingi, ambako hulipiwa mechi. Wazee kwao walicheza igisoro, aina ya bao, ubao uleule wa mashimo 32 ukitumiwa na mtoto anayejifunza kuhesabu na fundi anayeona hatua nne mbele, na hakuna aliyewagawa. Chumbani humo mgawanyo huwekwa na pesa. Anayefungwa analipa na kuachia padi, kwa hiyo hakuna anayecheza kupitisha muda. Wanaopitisha muda wako benchi, wanatazama, wanabishana kuhusu penalti, na mwenye chumba anawataka wanunue angalau soda, kwa sababu jenereta inakula mafuta.