Jiwe la Mpaka Halisemi Yote

Anayetaka kujua asili ya shamba la kwao huanza kwa wazee, na hufanya vyema. Leo namshauri aende pia kwenye ramani za upimaji, ila azisome kwa macho mawili: moja la yaliyoandikwa, jingine la yaliyoachwa.

Tuchukue mashamba ya pwani ya Kenya, katika ukanda wa maili 10 uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka madai na ushahidi wake, ndipo akubaliwe na kupewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali.

Ramani iliyotokana na kazi hiyo ina mengi ya kusema. Nambari ya kiwanja hukuelekeza kwenye jalada la hati. Tarehe hukuonyesha shamba lilipimwa enzi ya nani. Vipimo hukuwezesha kulinganisha jiwe la mpaka na ua wa leo. Sheria ile ilitoa hata cheti cha mtu mwenye nyumba au minazi juu ya ardhi ya mwingine. Basi ukikuta ardhi ni ya huyu na minazi ni ya yule, usidhani karani alikosea. Ndivyo watu walivyoishi.

Sasa tutazame pale palipoachwa peupe. Wamijikenda wengi hawakupeleka madai, na wajukuu zao wakaja kuitwa maskwota katika ardhi waliyoilima. Mtu akikuonyesha ramani na kusema hapa hapakuwa na mtu, mjibu kwamba weupe wa karatasi unathibitisha jambo moja tu: hakuna aliyeandikwa.

Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini hati zilizotokana nayo zingali zinazua kesi. Kwa hiyo, ndugu yangu uliye mjini, kabla hujanunua au kurithi shamba, chukua nakala ya ramani, kisha ulitembee shamba lenyewe pamoja na wazee. Uliza kisima kilichimbwa na nani, na makaburi yale ni ya akina nani. Marehemu hawakuandikishwa kwa mpima ardhi, lakini walifika kabla yake.