Nani Aokolewe Kwanza? Hesabu ya Rediet Abebe na Kaya za Rubavu

Tuchukue kaya mbili za Rubavu, wilaya ya Rwanda inayopakana na mji wa Goma nchini Kongo. Ya kwanza ni ya mama anayevuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kila asubuhi, beseni la nyanya kichwani, akauze Goma na jioni arudi na faida yake kwenye pindo la kitenge. Ya pili ni ya mkulima wa mlimani mwenye viazi na maharagwe, ambaye noti huiona kwa nadra. Kwa kipimo cha kipato, mkulima ndiye maskini. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Mtaji wa yule mama ulikuwa wote ndani ya beseni, na nyanya hazingoji. Mkulima alichimba viazi, wanawe wakala.

Rwanda ilikuwa na utaratibu wake wa kupanga kaya kwa hali ya maisha: Ubudehe, jina lililotokana na desturi ya kulimiana mashamba. Tangu 2001 jina hilo lilibeba sera ya kupambana na umaskini. Makundi yalikuwa sita, na 2015 yakapunguzwa kuwa manne. Kundi liliamua mengi: katika bima ya afya, kundi la kwanza lililipiwa na serikali, la pili na la tatu lilichanga faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, la nne 7,000. Kwa hiyo kila kaya ilikuwa na sababu ya kujishusha. Kilichoizuia ni kikao cha hadhara, ambapo wanakijiji wenyewe walipanga kaya katika makundi. Kumhifadhi mbuzi wako kwa binamu siku ya kuhesabiwa hakukufai kitu pale ambapo kijiji kizima kinamjua mbuzi huyo kwa rangi yake. (Majirani nao wana ndugu zao na chuki zao, lakini shahidi asiye na upande hapatikani popote.)

Kasoro yake ilikuwa katika swali. Kikao kiliulizwa kaya ina nini. Hakikuulizwa iko karibu kiasi gani na kuanguka.

Swali hilo la pili ndilo alilolishika Rediet Abebe, mzaliwa wa Addis Ababa aliyesomea hisabati Harvard na Cambridge, kisha akapata udaktari wa sayansi ya kompyuta Cornell mwaka 2019. Katika makala ya 2020, pamoja na Jon Kleinberg na Matthew Weinberg, aliazima chombo cha watu wa bima: nadharia ya kufilisika, iliyoasisiwa na Msweden Filip Lundberg mwaka 1903. Kampuni ina akiba, michango inaingia kidogo kidogo, madai yanaiangukia bila taarifa. Je, akiba itakauka? Weka kaya mahali pa kampuni, na ugonjwa au mafuriko mahali pa madai. Orodha ya walio hatarini inaweza kutofautiana sana na orodha ya wenye kipato kidogo.

Hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa kuwa ruzuku haitoshi wote walio hatarini. Tuseme nyumba iliyo kando ya mto Sebeya, pale Mahoko, ina uwezekano wa kufilisika wa asilimia 90, na ruzuku iliyopo itaushusha hadi 80. Ruzuku hiyohiyo ikipewa mama wa mpakani, wake utashuka kutoka 50 hadi 20. Ukitaka kupunguza idadi ya watakaoanguka, mpe mama. Ukitaka kumlinda aliye hatarini kuliko wote, mpe wa Mahoko. Algoriti ya kugawa ruzuku itatekeleza lengo lolote utakaloipa, ila kuchagua lengo si kazi yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba kumsaidia huyo wa Mahoko ni kumlipa abaki kando ya mto unaofurika. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama angekuwa na pengine pa kwenda. Vilima vya Rubavu vimelimwa hadi kileleni. Isitoshe, mapigo hayafanani. Mpaka hufunguliwa tena, na beseni hujazwa kwa mkopo mdogo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, na Sebeya iliyofurika ilibomoa nyumba na kuzoa mashamba. Hasara ya namna hiyo hairudishwi na msimu mmoja wa biashara.

Mimi ningeanza na nyumba ya Mahoko, na ningemweleza mama wa nyanya sababu yake, mbele ya kikao cha kijiji, kabla fedha haijatoka.