Nyumba za Wafumi wa Bibury

Katika nchi ya vilima iitwayo Cotswolds, magharibi mwa Uingereza, kando ya mto mdogo wa Coln, kimekaa kijiji cha Bibury, na humo ipo safu ya nyumba za mawe zilizoegemeana ubavu kwa ubavu, jina lake Arlington Row, ambazo wageni huzisifu kwa uzuri wake, bali mimi naona sifa hiyo wanastahiki kwanza wafumi waliotaabika ndani yake.

Asili yake hazikuwa nyumba. Katika karne ya 14 palijengwa hapo ghala la watawa la kuhifadhia sufu, kwani sufu ndiyo iliyokuwa mali ya Uingereza zama zile; hata karne ya 17 ilipowadia, ghala likakatwa vyumba, likatiwa dohani na madirisha, wakaingizwa wafumi pamoja na aila zao. Ndiyo maana boriti nzito zipitazo juu ya vichwa vya wakazi zilichongwa kwa ajili ya marobota, si kwa ajili ya wanadamu.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, rangi yake mfano wa asali, na ukilitazama kwa karibu utaona chembe za mviringo zilizoshikamana kama mayai ya samaki. Likitoka machimboni huwa laini, kisha hewa hulikaza, sawasawa na matumbawe ya pwani yetu. Hata mapaa yameezekwa kwa mawe: mafundi waliyaacha nje yakiwa na unyevu wakati wa baridi, jalidi ikayapasua mabamba, wakayatoboa na kuyaning'iniza kwa vijiti, makubwa upenuni na madogo kileleni, mstari baada ya mstari.

Nguo iliyofumwa humo ilipelekwa kinu cha Arlington, ikapondwa ili itoke mafuta na kushikana, kisha ikatandazwa juu ya chanja katika kiwanja kilichozungukwa na maji pande tatu, ambacho hata leo chaitwa Rack Isle kwa sababu ya chanja hizo.

Mashine za viwandani zilipoinyang'anya mikono ya wafumi riziki yake, nyumba zilibaki na mafukara. Mnamo 1929 zilinunuliwa na Royal Society of Arts zipate kuhifadhiwa, na baadaye zikakabidhiwa National Trust. Watu wangali wakiishi humo. Ama Rack Isle, palipoanikwa nguo, sasa ni majani ya majimaji na ndege wa mtoni.