Ubingwa Uliofutwa: Ndondi za Ridhaa na Haki ya Kuwamo Ulingoni Wakati wa Vita

Mashindano ya ndondi za ridhaa, yaani yale ambayo bondia hupigania nishani na heshima ya nchi yake bila kulipwa ujira, hupata uhalali wake kutokana na ahadi kwamba kila taifa linalostahili kupandisha bondia ulingoni limepewa nafasi hiyo. Vita huivunja ahadi hii, ingawa haviivunji kwa namna moja kila mara, na makala haya yanadai kwamba uhalali wa ubingwa wa wakati wa vita hupimwa kwa kuchunguza jinsi wasiokuwapo walivyokosekana.

Mfano ulio wazi zaidi ni ubingwa wa Ulaya wa Januari 1942 uliofanyika Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Waandaaji waliwakusanya mabondia wa Ujerumani, wa washirika wake kama Italia na Hungaria, na wa baadhi ya nchi zisizofungamana na upande wowote, kisha wakaliita kusanyiko hilo Ulaya. Poland, ambayo Antoni Kolczyński aliipatia dhahabu ya uzani wa welter huko Dublin mwaka 1939, haikuwa na timu kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa imetekwa na mwenyeji. Waingereza na Wasovieti nao walikuwa wakipigana na mwenyeji huyo huyo.

Vita vilipokwisha, FIBA, shirikisho lililosimamia ndondi za ridhaa tangu 1920, lilikuwa limepoteza heshima kwa sababu ya ukaribu wa baadhi ya viongozi wake na utawala wa Kinazi. Mahali pake pakaundwa AIBA, mjini London mwaka 1946, na matokeo ya Breslau yakafutwa. Inaweza kusemwa kwamba ngumi zilizorushwa pale zilikuwa za kweli na kwamba bondia hakuanzisha vita. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, maana cheo cha bingwa wa Ulaya huwahusu pia wale ambao mshindi angepaswa kukutana nao, na hao walizuiwa na jeshi la taifa lililoandaa mashindano.

Ni tofauti kabisa na Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, iliyofanyika miezi michache baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan Desemba 1979. Rais Carter wa Marekani, akitafuta wa kumuunga mkono katika mgomo, alimtuma Muhammad Ali barani Afrika Februari 1980. Uteuzi huo ulikuwa wa ajabu kidogo, kwa kuwa Ali, bingwa wa ndondi za ridhaa katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, ndiye aliyekataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, na Tanzania ikaenda Moscow. Uganda nayo ilikwenda, ingawa vita vyake vilivyomwondoa Idi Amin, mwanajeshi aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi nchini humo, vilikuwa vimeisha mwaka mmoja tu uliotangulia. John Mugabi akarudi na nishani ya fedha ya uzani wa welter baada ya kushindwa na Andrés Aldama wa Cuba katika fainali. Kenya, ambayo Stephen Muchoki alikuwa ameipatia ubingwa wa dunia huko Belgrade mwaka 1978, haikupeleka bondia hata mmoja, kwa maana serikali yake ilijiunga na mgomo.

Mabondia wa Kenya hawakuulizwa, na hasara yao ilikuwa kubwa sawa na ya mtu aliyefungiwa mlango. Hata hivyo aliyewafungia hakuwa mwenyeji wa mashindano, na wajibu wa kuwajibu uko Nairobi. Kwa kipimo hiki fedha ya Mugabi ni halali bila nyota wala maelezo ya pembeni, ilhali dhahabu za Breslau zilistahili kufutwa.