Bili Moja, Wapokeaji Wengi: Historia ya Bei ya Intaneti ya Nyumbani Kenya

Mkenya anayelipia faiba ya nyumbani huona tarakimu moja tu kila mwezi. Ndani ya tarakimu hiyo wamo wadai wengi: mwenye kebo iliyolala chini ya bahari, mwenye waya unaopanda kutoka Mombasa hadi bara, mwenye nguzo au mtaro unaofikisha waya mtaani, kampuni inayojibu simu mtandao ukikatika, na Serikali inayochukua kodi mara mbili. Wote hulipwa kwa mkupuo mmoja, na mteja hajui nani kachukua kiasi gani. Hoja ya makala haya ni kwamba bei ya intaneti nchini haikupungua kwa hisani ya mtu, wala ushindani peke yake haukutosha kuipunguza. Ilipungua kila mara gharama moja ilipotenganishwa na nyingine, ikaonekana, na watu wakaiandama. Pale gharama zilipoachwa zimechanganyika, nafuu iliyopatikana upande mmoja ilimezwa upande mwingine kabla ya kufika nyumbani.

Miaka ya tisini mchanganyiko huo ulikuwa mdogo. Kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa na vijana wa Kikenya waliosoma Marekani, ziliuza intaneti iliyopita kwenye laini ya kawaida ya simu. Mteja alilipa ada ya mwezi kwa kampuni ya intaneti, kisha akalipa shirika la simu kwa kila dakika aliyokaa hewani. Aliyeishi mji ambao kampuni yake haikuwa na kituo alipiga simu ya masafa hadi Nairobi, na hapo dakika ziliuma kweli. Ndiyo maana watu waliandika barua pepe zao kwanza, wakaunganisha modemu, wakatuma zote kwa pamoja, wakakata. Ilikuwa huduma ghali na ya polepole, lakini ilikuwa na uwazi ambao leo hatuna: kila mtu alijua kwamba dakika za simu ndizo zinazomfilisi, na alijua wa kumlalamikia.

Hata hivyo, ilikuwapo gharama moja ambayo mteja hakuiona, nayo ilikuwa ya angani. Telkom Kenya, iliyozaliwa 1999 shirika la posta na simu lilipogawanywa, ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kwenda nje ya nchi. Mawasiliano hayo yalipita kwenye satelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya dunia. Kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania hapa nyumbani, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani yenye mtoa huduma mwingine ilipaa hadi satelaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi kwa njia hiyohiyo. Malipo ya safari hiyo yalikuwa ya dola. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Nairobi, KIXP, ili ya nyumbani yabaki nyumbani. Telkom ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na Tume ya Mawasiliano, msimamizi wa sekta, ikakifunga kituo ndani ya wiki chache. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu ya kisheria. Muda wa ujumbe wa ndani kwenda na kurudi, uliokuwa ukizidi sekunde moja, ukashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ushindi huo haukutokana na uvumbuzi wowote wa ajabu. Wahusika walikaa chini, wakaitenga gharama ya safari isiyo na maana, wakaitaja mbele ya wenye mamlaka.

Kebo za baharini ndizo zinazokumbukwa zaidi. Kufikia 2009 pwani ya Afrika Mashariki bado haikuwa na waya wa baharini wa kuiunganisha na dunia, na kampuni zililipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa megabiti moja ya satelaiti. Juni mwaka huo kebo ya TEAMS, mradi wa Serikali ya Kenya na kampuni za simu, ilifika Mombasa kutoka Fujairah. SEACOM ikaanza kazi Julai 23, ikiunganisha Mombasa na Dar es Salaam pia, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Bei ya jumla ya megabiti ya kimataifa iliporomoka hadi mamia ya dola, na baadaye makumi. Wananchi walisubiri bili zao ziporomoke vivyo hivyo, na hazikuporomoka. Watoa huduma wengi waliongeza kasi na kuiacha bei palepale. Walikuwa na sababu zao, na zilikuwa za kweli: mikataba ya satelaiti ilikuwa haijaisha, na fedha zilizowekwa baharini zilitakiwa kurudi. Lakini sababu hizo zilikuwa na mwisho. Mikataba iliisha, madeni yakaendelea kulipwa, na mteja hakuwa na njia ya kujua ni lini, kwa sababu fungu la bahari halikuwahi kuandikwa peke yake popote anapoweza kulisoma.

Baada ya bahari kuwa rahisi, uzito ulihamia nchi kavu. Faiba yenyewe ni uzi mwembamba wa kioo, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kazi ya kuufikisha mlangoni. Gharama kubwa ni kuchimba mtaro, kurudishia lami, kulipa vibali vya kaunti na kukodi nguzo za umeme. Sura yake inaonekana kwenye mtaa wowote wa Nairobi wenye kampuni nne. Nguzo moja hubeba kebo nne nyeusi zinazokwenda kwenye nyumba zilezile, kila moja imevutwa na mafundi wake na kulipiwa ruhusa yake. Juu ya nguzo kuna kisanduku kidogo ambamo uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, zikigawana takriban gigabiti mbili na nusu kwa sekunde. Mgawanyo huo ndio unaofanya bei ivumilike, na ni halali kabisa. Hata hivyo mnunuzi haambiwi anagawana na wangapi, ingawa hilo ndilo linaloamua anachopata saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa nyumbani. Kebo nne zinazofuatana kwenye nguzo moja ni mtaji uliowekwa mara nne, na unarudishwa na wakazi walewale.

Fungu la kodi ndilo rahisi kulihesabu, na pengine ndilo linalofahamika kidogo zaidi. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za data uliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2018 kwa asilimia 15, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru huo. Chukua bili ya shilingi 3,000: kampuni hubaki na 2,249, ushuru wa bidhaa ni 337, na VAT ni 414. Katika hizo 414, shilingi 54 ni kodi iliyotozwa juu ya kodi. Robo ya malipo haijagusa waya wowote. Sasa rudi 2023. Ushuru uliposhuka kutoka 20 hadi 15, bili ya 3,000 ilipaswa kushuka hadi 2,875 bila kampuni kupoteza hata senti. Ni nyumba ngapi zilijua kwamba zina shilingi 125 za kuulizia?

Wapo watakaosema mteja hahitaji mahesabu haya, anahitaji bei moja iliyo wazi, na watatoa mfano wa Uingereza. Huko kampuni zilitangaza intaneti ya bei ya chini kwa maandishi makubwa, na ada ya kukodi laini ya simu ikawekwa pembeni. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba watu 23 tu katika 100 waliweza kutaja jumla sahihi ya mwezi baada ya kuliona tangazo mara moja. Kuanzia Oktoba 31 mwaka huo matangazo yalilazimika kutaja bei yote kwa pamoja. Mfano huo ni wa haki, ila kosa la Uingereza lilikuwa kuficha jumla, na kosa letu ni kuficha mafungu. Dawa ya kosa moja haizuii dawa ya lingine: jumla iandikwe kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na mafungu yaandikwe kwenye bili. Wengine watasema ushindani utamaliza yote. Ushindani umeleta kasi, na hilo halipingwi. Lakini kampuni tano zinazolipa ada ileile ya nguzo na kodi ileile haziwezi kushindana kwenye sehemu hiyo ya bei. Zitabishana juu ya kasi na zawadi ya ruta ya bure, na ruta hiyo nayo imo ndani ya malipo ya mwezi. Wapo pia watakaosema mafungu ni siri ya biashara. Faida ya kampuni inaweza kubaki siri. Kodi, ada za kaunti na ada ya nguzo ni malipo kwa wengine, na hayana sababu ya kufichwa.

Mamlaka ya Mawasiliano, mrithi wa ile Tume, inaweza kuagiza kila bili ya intaneti ya nyumbani ionyeshe kodi zote kwa shilingi, malipo ya nguzo na vibali, bei ya kifaa, na idadi ya nyumba zinazogawana laini. Hadi iagize hivyo, msomaji, ukipokea bili yako mwezi huu, gawanya kwa 1.334 ujue kampuni imebaki na ngapi, kisha waandikie uwaulize hizo walizobaki nazo zinalipia nini.